Shikamoo Ndani ya Chumba Kisicho na Vumbi

Mimi naitwa Festo, na kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuvalisha watu wazima nguo. Usicheke. Kiwanda chetu, kando ya barabara ya kwenda Ikungi, kilitengeneza vioo vya projekta, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba cha kazi mpaka nimfunike kuanzia kichwani hadi nyayoni: ovaroli nyeupe, kofia ya kuziba masikio na shingo, barakoa, glovu, viatu vya kitambaa. Yalibaki macho tu. Ndiyo maana naweza kusimulia habari za Stumai bila kubahatisha. Kila aliyeingia mle alipita mikononi mwangu, na kila alichoingia nacho nilikiona. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Vioo vyenyewe ukiviona utavidharau. Kimoja ni kidogo kama stempu ya barua. Kioo cha chini kilikuja kutoka nje kikiwa kimeshapangwa transista ndogo mno, malaki kwa malaki, kila moja ikiamuru nukta yake ya picha. Sisi tulikifunika kwa kioo cha juu, tukaingiza katikati kimiminika kinachopitisha au kuzuia mwanga kulingana na umeme, tukaziba kingo, tukapima. Nafasi kati ya vioo viwili ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini. Chembe ikiingia humo imeingia, haitoki tena, na projekta ikiwashwa inaonekana ukutani kama doa la ukubwa wa kisosi. Bwana harusi anaonyeshwa mbele ya wageni mia nne na doa limemkalia puani.

Sasa utauliza ni nani mwenye akili timamu alileta kazi hiyo Singida. Wataalamu. Walitafuta mahali penye hewa kavu, kwa sababu kimiminika kile na unyevu havipatani. Walikuja mwezi wa tano, wakapima unyevu siku tatu, wakafurahi, wakala kuku wetu, wakaondoka. Hakuna aliyewaambia habari za mwezi wa saba, upepo unapobeba shamba la jirani na kukuletea mlangoni bila hati. Tuliwaona wakipima, tukanyamaza, maana kiwanda tulikitaka. Kusema haki, walipojenga walileta mitambo ya kuchuja hewa ambayo hata upepo wa kwetu iliuweza. Mlangoni mwa chumba cha kazi waliweka kijichumba chembamba ambamo mtu anapulizwa pande zote kabla ya kuingia. Sisi tulikiita bafu la upepo. Chumba kilikuwa safi. Kilichokosekana ni watu wa kukiacha kiwe safi.

Stumai alitoka Mtinko. Kabla ya kiwanda alikuwa akichambua choroko kwa wafanyabiashara, gunia baada ya gunia, na inasemekana waliacha kumpeleka sokoni siku ya kununua kwa sababu aliwatia aibu wauzaji. Siku ya usaili mtaalamu wa kigeni alimwekea vioo ishirini mezani na kumwambia saba ni vibovu, avitaje. Stumai alivitazama kwenye mwanga, akatenga vinane. Mtaalamu alicheka kwa huruma. Kisha akakiweka kile cha nane chini ya hadubini, na kicheko kikakatika hapohapo. Akaajiriwa mkaguzi siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuweka kila kioo kilichomalizika kwenye mashine ya mwanga, picha ikapigwa ukutani, naye akasimama mikono nyuma akiitazama kama mama mkwe anayetazama chapati za mkamwana. Akisema hapana, ni hapana. Vijana wakampa jina la Mama Kataa. Hakukasirika. Alisema jina zuri, litawasaidia kukumbuka.

Mama mkwe wake mwenyewe alishafariki. Alikuwa na baba mkwe, na huyo ndiye shida ya habari hii nzima.

Mzee Laurenti alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu, lakini ualimu mkuu ulikataa kustaafu. Wananchi walipotoa ardhi ya kiwanda waliweka sharti kwamba lazima awepo mtu wa heshima wa kusimamia nidhamu ya vijana, na mtu wa heshima akawa yeye. Wakampa cheo cha msimamizi wa zamu. Kuhusu vioo hakujua lolote, na hakuona sababu ya kujua. Nusu ya wafanyakazi aliwafundisha kusoma, na nusu hiyohiyo aliwachapa. Mimi nimo katika nusu zote mbili. Mwandiko wangu mzuri ni wake, na kovu la kidole gumba ni lake pia.

Kila asubuhi saa moja na nusu, watu wakiwa wameshafunua trei na kuanza kazi, Mzee Laurenti aliingia na kuzunguka meza kwa meza kama anakagua madaftari. Na kila alipofika, mfanyakazi aliacha kibano, akashusha barakoa hadi kidevuni, na kusema juu ya trei iliyo wazi, kwa sauti ya kusikika: "Shikamoo mwalimu." Mzee naye alishusha ya kwake na kuitikia: "Marahaba. Hamjambo nyumbani? Mama yako mguu unaendeleaje?" Meza ishirini, watu arobaini, magoti yote ya mama zao. Kanuni ukutani zilisema barakoa isishushwe. Lakini nani angemsalimia mkubwa mdomo umefunikwa kama mtu anayekwepa harufu? Katika wilaya hii mtu anaweza kukuibia ng'ombe mkapatana. Ukimpita mzee bila salamu, watoto wako watasimuliwa.

Tena kabla ya kuingia, akiwa ameshavalishwa kila kitu, mzee alishusha barakoa pale mbele yangu, akachomoa kikopo kutoka ndani ya ovaroli, akavuta ugoro pua ya kulia, akavuta ya kushoto, akapiga chafya mbili, akairudisha barakoa. Bafu la upepo lilimpuliza nguo. Puani halikufika. Kazi yangu ilikuwa kumzuia. Ilikuwa imeandikwa kwenye barua yangu ya ajira, kifungu cha nne.

Kampuni ya wale wataalamu ilitoa masharti yake mapema. Tutengeneze vioo mia mbili vya majaribio, vyenye madoa visizidi kumi. Tumepewa nafasi tatu. Tukishindwa zote, wanafunga kiwanda, na watu arobaini tunarudi kwenye alizeti na vitunguu.

Jaribio la kwanza, Stumai alikataa sitini na kimoja. Meneja Abdulhamidi, kijana wa mjini wa familia ya wafanyabiashara, msafi wa kunukia, alilaumu upepo. Vichujio vikabadilishwa vyote. Jaribio la pili, hamsini na nane. Safari hii akalaumu nywele. Wanawake wote wakaagizwa wanyoe vipara, na Stumai akanyoa wa kwanza. Wenye ndevu hawakuguswa, kwa kuwa meneja naye alikuwa nazo. Vipara vilipokwisha kung'aa, mtu mmoja kwenye kikao akasema labda jicho la mkaguzi limezidi ukali. Wengi wakaafiki. Hoja hiyo ilikuwa na uzuri wake, kwani ukimtoa anayeyaona madoa, madoa yanaisha.

Zilibaki siku tisa kabla ya jaribio la tatu. Nilikuwa namfunga Stumai kofia, akaniambia taratibu:

"Kaka Festo, nimeyatazama madoa kwa hadubini. Yako ya namna mbili. Mengine hayana rangi, ni mate yaliyokauka. Mengine ni ya kahawia."

"Udongo huo."

"Udongo wa hapa ni mwekundu. Halafu yote yapo kwenye trei zilizofunuliwa asubuhi. Za saa nne na kuendelea ni safi. Saa moja na nusu anaingia baba. Anaingia na nini?"

Nilijifanya natafuta glovu za saizi yake, wakati zilikuwa mkononi mwangu.

"Kaka Festo."

"Ugoro," nikasema. "Lakini hilo hukulisikia kwangu."

Alifumba macho kidogo. Mkwe kwetu hasemi na baba mkwe ovyo, hamtazami usoni, hamgusi, wala hapiti naye penye njia nyembamba. Sasa huyu alitakiwa kumwambia kwamba pua yake inafukuza watu arobaini kazini.

Akaenda kwa meneja. Mlango ulikuwa wazi, mimi nilikuwa nimepeleka orodha ya nguo, nikasikia. Abdulhamidi alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga dirisha kana kwamba mzee yuko nje.

"Dada Stumai, una uhakika?"

"Njoo uangalie kwa hadubini."

"Sihitaji kuangalia, nakuamini. Ila mimi hapa ni mgeni, unanielewa? Yule mzee ndiye aliyewatuliza watu wa ardhi. Kwa nini usimwambie wewe? Ni baba mkwe wako."

"Ndiyo sababu siwezi."

"Basi tusimwambie kuhusu ugoro. Nitapendekeza tu salamu zifanyike uani, kabla ya kuvaa."

Akapendekeza kweli, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mzee Laurenti akamjibu kwamba uani wanasalimiana wachunga mbuzi, na kwamba mfanyakazi mwenye adabu anaonyesha adabu mahali pa kazi. Meneja akamshukuru kwa ushauri. Mtaalamu wa kigeni, ambaye alifika kazini saa nne salamu zikiwa zimekwisha, aliambiwa kwamba kuna suala dogo la mila. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa na kuandika kwenye daftari lake kwamba mila ziheshimiwe.

Nyumbani Stumai alimwambia mumewe, Sostenes, mkulima wa vitunguu, mtu mpole. Sostenes ndiye aliyenisimulia baadaye. Alimjibu mkewe: "Unataka niende kwa baba nimwambie anawe pua?" Stumai akasema ndiyo, hicho hasa ndicho anachotaka. Sostenes akaenda kumwagilia vitunguu ambavyo alishavimwagilia asubuhi.

Alhamisi ya jaribio la tatu Stumai alifika wa kwanza. Nilimvalisha. Kazi ya mkaguzi huanza vioo vikishakamilika, kwa hiyo asubuhi hana la kufanya. Wenzake walipoingia wote na kufunua trei, yeye alirudi mlangoni akaingia ndani ya bafu la upepo na kusimama katikati yake.

Saa moja na nusu mzee akaja. Nikamvalisha. Akavuta ugoro wake, kulia, kushoto, chafya mbili. Akafungua mlango wa bafu la upepo na kukutana kifua kwa kifua na mtu mweupe asiye na uso. Lakini alimjua kwa kimo. Bafu lile ni jembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana, na huyo mbele yake alikuwa mke wa mwanawe.

Mzee aliruka nyuma kama aliyefungua bafu akamkuta mtu anaoga. Akasubiri ampishe. Stumai hakusogea. Hakumtazama usoni pia. Alitazama viatu vyake, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa, ila miguu yake aliipanda pale. Mzee akakohoa. Akafunga mlango, akangoja, akafungua tena. Yupo. Mara ya tatu akaniita mimi.

"Festo! Mwambie huyo binti anipishe."

"Mwalimu, anasema nini?"

"Hasemi kitu! Huoni?"

"Basi mwalimu, mimi nitamwambiaje mtu asiyesema?"

Huo ndio ushujaa wangu wote katika maisha yangu, na ulidumu dakika mbili. Mzee alikaa kwenye benchi la kubadilishia viatu. Akavuta ugoro mara nne zaidi, chafya zikatua kwenye ovaroli yangu. Ndani, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifunguliwe, watu arobaini walifanya kazi midomo imefunikwa. Kupitia dirisha dogo niliwaona wakiinua vichwa kila mara kutazama mlango, na mikono ikienda kwenye barakoa kwa mazoea, ikirudi. Stumai alisimama saa nne nzima.

Trei za mwisho zilipozibwa alitoka mle bafuni na kwenda kwenye mashine yake ya mwanga. Alikagua vioo mia mbili mbele ya meneja na mtaalamu, walioitwa kutoka ofisini. Kwa ukali uleule, hakumwonea mtu haya wala huruma. Akakataa vitatu.

Watu walilia. Mimi nililia ndani ya barakoa, ikalowa, nikaitupa. Meneja Abdulhamidi aliruka akamkumbatia mtaalamu. Na mtaalamu, akitafuta wa kumpongeza, alimwona mzee wa heshima amekaa kwenye benchi, akamwendea na kumpa mkono kwa mikono miwili. Jumatatu yake Mzee Laurenti alikabidhiwa cheti cha usimamizi bora wa zamu, kimetiwa fremu. Akatoa hotuba kuhusu nidhamu, dakika arobaini.

Jumapili iliyokuwa katikati, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Shitaka lilikuwa moja, kwamba mkwe amemzuia baba mkwe njia, akamlazimisha kurudi kinyumenyume mbele ya watu. Stumai aliagizwa kutoa mbuzi na kuomba radhi kwa magoti. Mbuzi akaja. Stumai akapiga magoti, macho chini, akasema: "Baba, naomba radhi kwa kukuzuia njia. Kwa ajili ya vioo siombi." Wazee wakajadiliana kama hiyo inahesabika. Mbuzi alikuwa amenona, wakaamua inahesabika.

Kiwandani meneja naye alitafuta amani kwa njia yake. Alimhamishia Stumai jikoni, akapike maharage ya wafanyakazi, "kwa muda tu, dada, mpaka mzee apoe." Stumai alinusurika barua ya onyo kwa sababu meneja alikosa namna ya kuandika kosa lenyewe bila kutaja pua. Nafasi ya ukaguzi akapewa Evodia, binti wa kaka yake Mzee Laurenti, mtoto mwenye tabia nzuri sana. Salamu zikarudi meza kwa meza, ugoro ukarudi, na Evodia hakukataa kioo hata kimoja. Kwa wiki tano tulikuwa kiwanda bora. Wafanyakazi wakamsifu kwamba hana roho mbaya kama yule mwingine.

Tulipeleka vioo elfu moja nje ya nchi. Vikarudi mia nne na kumi na viwili, kila kimoja kimechorwa duara jekundu pale penye doa. Pamoja navyo ilikuja barua, kwamba tuna mwezi mmoja wa kueleza chanzo cha madoa na kukiondoa, la sivyo mashine zinafungwa na kupakiwa.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa Mzee Laurenti, kwa uzoefu wake. Katibu nikawa mimi, kwa mwandiko wangu na kwa kuwa naijua milango. Tulikaa vikao vitatu. Kwenye kikao cha pili mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe mwenye la kuongeza kuhusu chumba cha kubadilishia nguo, akanitazama, na mkono wake ulikuwa mfukoni penye kikopo. Nikasema hakuna la kuongeza, mwalimu. Nikaandika kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja kwamba chanzo ni upepo wa msimu wa mkoa wa Singida, ambao uko nje ya uwezo wa menejimenti. Wajumbe wakatia sahihi, na mimi nikatia.

Nakala moja ilibandikwa ukutani karibu na jiko. Mchana ule Stumai alitoka na upawa mkononi, akaisoma taratibu mpaka kwenye majina. Kisha akaja kwangu.

"Kaka Festo, umeandika upepo."

"Dada, nielewe. Nina watoto wanne."

"Hata hao wengine arobaini wana watoto," akasema, na akarudi kwenye maharage yake kabla hayajaungua.

Mashine ziliondoka mwezi wa tisa kwa malori mawili. Wafanyakazi walisimama mstari getini, na mzee akawaaga mmoja mmoja, kila mtu akatoa salamu yake na kuitikiwa vizuri. Stumai amerudi Mtinko, anachambua choroko. Jengo lilihitaji mtu mmoja wa kulitunza, na meneja, akishauriana na mwenyekiti wa kamati, aliona afadhali awe mtu mtulivu asiyependa maneno. Mshahara wangu unaingia kila mwisho wa mwezi, na wanangu wote wanne wako shuleni.